Maswali ya Wasomaji: Mrija Ulioinua Gamba

Katika toleo lililopita tulimjibu kwa mistari mitatu msomaji aliyetaka kujua kama pweza walikuwapo zama za dinosauri. Tulisema kwamba walikuwapo, na kwamba jamii yao ilianza zaidi ya miaka milioni 200 kabla ya dinosauri wa kwanza. Wasomaji wamelalamika, na wana haki, kwamba jibu la namna hiyo ni kumwonjesha mtu mchuzi na kumnyima wali. Barua sita nilizozichagua hapa zote zinahusu ukoo huo ambao wataalamu huuita sefalopodi: moluska, yaani wanyama laini wa jamii ya konokono, wenye minyiri kichwani, ambao leo tunawajua kwa pweza, ngisi, dome na nautilasi. Msomaji aniwie radhi kwa kulirudia neno "mrija" katika karibu kila jibu, kwani sikuona njia ya kulikwepa.

*

Ninaishi Stockholm mwaka wa saba sasa. Jengo ninalofanyia kazi ya usafi lina ngazi za mawe mekundu, na kila ninapopiga deki naona alama ndefu kama karoti, nyingine zenye urefu wa mkono, zikiwa na mistari midogo inayozikata upande hadi upande. Mwenzangu mmoja anasema ni mifupa ya samaki, mwingine anasema ni urembo wa fundi. Ni nini hasa?
Msomaji, Stockholm

Ndugu msomaji, wenzako wote wawili wamekosea. Unachopigia deki ni sakafu ya bahari ya kale, na hizo karoti ni magamba ya sefalopodi waliozama humo. Mawe ya aina hiyo yamechimbwa nchini Sweden kwa karne nyingi, hasa katika kisiwa cha Öland, na wanajiolojia huyaita chokaa ya ortoserasi kwa sababu ya alama hizo hizo ulizoziona. Yalianza kama matope ya chokaa yaliyotuama katika bahari iliyotandaa juu ya bara katikati ya kipindi cha Ordovisia, kiasi cha miaka milioni 470 hadi 460 iliyopita, wakati ardhi inayobeba Sweden ya leo ilikuwa bado kusini mwa ikweta. Matope hayo yalijikusanya polepole mno, milimita chache tu kwa kila miaka elfu moja, kwa hiyo jiwe la ngazi lenye unene wa sentimita 5 huweza kuwa limechukua zaidi ya miaka elfu kumi kujijenga. Wekundu wake ni wa chuma kilichopata kutu.

Sasa tuitazame karoti yenyewe. Ncha yake nyembamba ndiko mnyama alikoanzia maisha, na mwisho wake mpana ndiko alikokuwa akiishi alipokufa, kichwa na minyiri vikiwa nje. Kila alipokua na kuhitaji nafasi, alisogea mbele ndani ya gamba, akajenga nyuma yake ukuta mwembamba uliopinda kama sahani, na kukiacha kile chumba cha zamani. Mistari inayokata karoti ni hivyo viambaza. Mnyama hakukiacha chumba moja kwa moja, hata hivyo: kamba nyembamba ya nyama yake, ikiwa ndani ya mrija, ilipenya katika kila kiambaza hadi kwenye ncha kabisa ya gamba. Kazi ya mrija huo nitaieleza katika barua inayofuata.

Siku moja ukimaliza kazi, lowesha jiwe kwa maji safi na ulitazame kabla halijakauka, kwa maana jiwe lililolowa huonyesha mistari vizuri zaidi kuliko jiwe kavu. Tafuta karoti iliyopasuliwa kwa urefu, kisha uutafute mrija. Ukiuona ni mwembamba na umepita katikati au karibu na katikati, huyo ni wa kundi la ortosera. Ukiona ni mnene, umechukua sehemu kubwa ya upana wa gamba na umeegemea upande mmoja, huyo ni endosera, kundi lililotoa majitu tutakayoyazungumzia hapo chini. Usishangae mrija ukionekana kukatika ghafla katikati ya safari. Msumeno wa mchonga mawe haukujali gamba lilivyolala, na ukipita mshazari huacha umbo kama jani, na mrija hupotea mahali msumeno ulipouacha. Zile duara zenye duara ndogo ndani yake, ambazo bila shaka umeziona pia, ni magamba yaliyokatwa kama mtu anavyokata tango la kachumbari.

Tazama pia vyumba vyenyewe. Nina mezani kipande cha jiwe jeusi kutoka Morocco, kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, chenye gamba la jamii hiyo hiyo ingawa ni la baadaye. Katika baadhi ya vyumba vyake nusu moja imejaa tope lililoganda na nusu nyingine imejaa fuwele nyeupe za kalisi, na mpaka kati yao umenyooka kama maji ndani ya glasi. Tope liliingia kupitia ufa na kutuama chini, na nafasi iliyobaki juu ikajazwa baadaye na fuwele. Mpaka huo ni timazi: unakuambia upande gani ulikuwa juu siku gamba lilipolala, hata kama fundi ameligeuza jiwe mara kumi tangu hapo.

Na jambo moja la pembeni, kwa kuwa uko huko huko. Katika machimbo ya Thorsberg, kusini mwa Sweden, wachimbaji wa mawe haya wameokota vimondo zaidi ya 100 vilivyoangukia bahari hiyo ya Ordovisia, baada ya asteroidi kubwa kuvunjika angani. Kwa hiyo doa jeusi la mviringo usilidharau.

*

Kitabu chetu kinasema sefalopodi "waliweza kuelea", lakini hakisemi waliwezaje. Mnyama wa kwanza alikuwa yupi, na kwa nini konokono wengine hawakufanya hivyo?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro

Mwanangu, swali lako la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na nitaliendea taratibu.

Visukuku vya kale zaidi vinavyokubalika na karibu wataalamu wote vimetoka kaskazini mwa China, katika mawe ya chokaa ya mwisho wa kipindi cha Kambria, takriban miaka milioni 490 iliyopita. Anayejulikana zaidi anaitwa Plectronoceras. Usimfikirie kama jitu la baharini: gamba lake lilikuwa pembe ndogo iliyopinda kidogo, lenye urefu wa sentimita moja au mbili, na lingeenea juu ya kucha ya kidole gumba chako. Viambaza vyake vilikuwa vimebanana sana, na mrija wake ulipita pembezoni.

Moluska wenye gamba refu kama kofia walikuwapo kabla yake, na baadhi yao pia walijenga viambaza. Mmoja anaitwa Knightoconus, kutoka Antaktika, na mwaka 1973 mtaalamu wa visukuku Yochelson na wenzake wawili walimpendekeza kuwa wa ukoo uliozaa sefalopodi. Ana pembe ndefu na ana viambaza kadhaa, lakini hana mrija. Hapo ndipo palipo na tofauti yote. Kiambaza bila mrija ni kama kufunga chumba cha uani ambacho huna haja nacho tena: kinapunguza nafasi ya kulinda, kinaimarisha ncha, lakini maji yaliyomo hubaki humo humo. Gamba hubaki zito, na mnyama hubaki chini.

Mrija ndio unaoyatoa maji. Tunajua unavyofanya kazi kwa sababu nautilasi na dome bado wanao utaratibu huo, na watafiti Denton na Gilpin-Brown waliuchunguza kwa makini katika miaka ya 1960 huko Plymouth, Uingereza. Chumba kipya huanza kikiwa kimejaa kimiminika chenye chumvi. Seli za kamba iliyo ndani ya mrija huvuta chumvi na kuirundika katika kuta zake, na maji huifuata chumvi yenyewe, kwa osmosisi. Umeshaona vitunguu vya kachumbari vinavyotoa maji ukivitia chumvi na kuviacha kidogo. Kanuni ni ile ile. Maji yakitoka, gesi kidogo kutoka katika damu hupenya na kuijaza nafasi iliyobaki, ikiwa na kanieneo ndogo kuliko ya hewa tunayovuta. Kwa maneno mengine gesi haisukumi maji nje, kama watu wengi wanavyodhani. Maji hutoka kwanza, gesi hufuata baadaye, na ni ugumu wa gamba peke yake unaozuia bahari isilibonyeze. Gamba la nautilasi wa leo hupasuka likishuka kiasi cha mita 800.

Nirekebishe na kosa jingine ambalo nimelikuta hata katika vitabu vizuri. Nautilasi hajazi na kumwaga vyumba vyake kama nyambizi kila anapotaka kushuka au kupanda. Mrija ni polepole sana kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kufidia uzito wa gamba na nyama vinavyoongezeka anavyokua, ili mnyama abaki bila kuzama wala kuibuka, na safari zenyewe huzifanya kwa kupuliza maji kupitia bomba lake la nyama.

Plectronoceras hakuwa na vyumba vya kutosha kumwelesha. Yamkini gesi ilimpunguzia uzito tu, akatambaa kwa wepesi kuliko majirani zake, au akaruka hatua fupi juu ya sakafu. Lakini wepesi wa nusu nao una faida, na faida hiyo ilikuzwa haraka: kabla ya Kambria kwisha, bahari ya China kaskazini ilikuwa na makumi ya jenasi za sefalopodi, ambazo wataalamu Chen Jun-yuan na Curt Teichert walizipanga mwaka 1983 katika makundi manne makubwa. Kisha karibu zote zikatoweka. Kundi moja, elesmerosera, ndilo lililovuka kuingia Ordovisia, na ndilo lililozaa waliobaki.

Kuhusu konokono wengine, ninachoweza kukuambia ni kwamba kujenga kiambaza ni rahisi, na moluska wa makundi mbalimbali wamekijenga mara nyingi bila kushauriana. Kujenga kiambaza huku ukiacha kamba hai ya nyama ipite ndani yake bila kuvuja, na kuendelea hivyo chumba baada ya chumba maisha yako yote, ni ufundi ambao kwa ushahidi tulionao ulipatikana mara moja tu.

*

Mwanangu ameniletea picha ya sefalopodi wa kale mwenye urefu wa mita 9, amebeba gamba kama mlingoti, anakamata kila kitu. Ni kweli? Na huyo mnyama aligeukaje?
Baba wa watoto watatu, Mombasa

Mita 9 zimetokana na habari ya gamba lililosemekana kuonekana machimboni Marekani, ambalo halikuhifadhiwa. Kipande kikubwa kilichopo na kinachoweza kupimwa ni cha endosera kilichowekwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, chenye urefu wa takriban mita 3. Ukiongeza sehemu zilizovunjika unaweza kukisia gamba la mita 5 na zaidi kidogo, na mimi ningeishia hapo. Urefu wa ngalawa ya kawaida unatosha kumtisha mtoto bila kutia chumvi. Kwa bahari ya wakati ule huyo alikuwa miongoni mwa wanyama wakubwa kuliko wote waliopata kuishi mpaka hapo.

Swali lako la pili ndilo ningependa wachoraji walisome. Chukua boya la mshipi, lifunge jiwe dogo upande mmoja, ulitupe majini: litasimama wima, jiwe chini. Gamba lililonyooka lina gesi mkiani na nyama kichwani, kwa hiyo likiachwa hivyo hivyo litaning'inia kichwa chini, mkia juu. Yuko wapi basi yule anayelala mlalo kama mkuki na kufukuza mawindo? Wengine bila shaka waliishi hivyo hivyo wima, wakipanda na kushuka kama ndoo kisimani, wakiokota vilivyopo chini au vinavyoelea karibu nao. Wengine walijitafutia uzito wa kusawazisha. Endosera alijaza ncha ya mrija wake mnene kwa koni za chokaa zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, kama vikombe vya kahawa vilivyopangwa, na ortosera wengi walipaka chokaa ndani ya vyumba vyao vya nyuma, zaidi upande wa chini. Mkia ukawa mzito, gamba likalala. Tunajua kwamba baadhi walilala kweli, kwa sababu yapo magamba machache yaliyohifadhi rangi, na mistari yake imechorwa upande mmoja tu, ule wa juu, kama mgongo wa samaki ulivyo na rangi na tumbo lake likawa jeupe.

Gharama yake ni kubwa: kujenga gamba ili uelee, kisha kulijaza mawe ili usawazike. Askosera, walioishi Ordovisia na Siluria, kipindi kilichofuata, walipata dawa nyingine: walipokomaa walikata mkia mrefu wa utotoni na kuuacha, wakabaki na sehemu fupi ya mbele iliyotuna kama chupa, vyumba vyake vikiwa juu ya mgongo. Na wengine, tangu mapema katika Ordovisia, walilikunja gamba likawa duara, gesi ikawa juu ya mwili badala ya nyuma yake. Mnyama wa namna hiyo anaweza kugeuka kwa urahisi, na huo ndio ufumbuzi uliodumu hadi kwa nautilasi wa leo.

Kuhusu "kukamata kila kitu": matumbo ya hao wa Ordovisia hayakuhifadhiwa, kwa hiyo tunaisoma kesi hiyo kupitia majeraha. Trilobiti, wale wanyama wa kale wa baharini wenye gamba la pingili, wenye makovu yaliyopona wapo, na magamba ya sefalopodi yaliyovunjika mdomoni na kuzibwa tena yapo pia, maana yake hata wao waliwindwa, pengine wao kwa wao. Kinachonifurahisha zaidi ni maisha ya gamba baada ya mwenyewe kufa. Juu ya sakafu ya tope laini, gamba tupu lilikuwa jiwe pekee kwa mita nyingi kuzunguka, na briozoa na krinoidi, wanyama wa baharini wanaoishi wakiwa wameshikamana na kitu kigumu, walijishikiza juu yake. Trilobiti waliingia ndani. Wamepatikana wamejipanga ndani ya chumba cha mbele cha gamba la sefalopodi, wakiwa wazima, wamekwenda kujificha katika nyumba ya adui yao wa zamani, na tope likawafunika humo.

*

Nilisoma kwamba sasa sefalopodi wamekuwa wakongwe kwa miaka milioni 30 zaidi, na pengine nikasoma kuwa wa kwanza hakuwa na gamba kabisa. Nishike lipi?
Msomaji, Muscat

Ushike la China mpaka lije lenye nguvu zaidi. Habari ya kwanza ni ya mwaka 2021, ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg walieleza magamba madogo kutoka rasi ya Avalon huko Newfoundland, Kanada, yenye umri wa miaka milioni 522. Yanaonekana kama koni nyembamba zenye viambaza na kitu kinachofanana na mrija. Tatizo ni kwamba mawe ya Kambria ya mapema yamejaa mirija midogo ya wanyama wa kila aina, na baina ya hao wa Newfoundland na wale wa China kuna pengo la miaka milioni 30 bila sefalopodi hata mmoja. Siwakatalii, ninasubiri kuona mrija ukipita kiambaza baada ya kiambaza katika gamba moja.

Habari ya pili ni ya Nectocaris, mnyama laini wa Burgess Shale, mawe ya Kambria yenye visukuku huko Kanada. Mwaka 2010 Martin Smith na Jean-Bernard Caron walichunguza vielelezo 91 na kumwona kama sefalopodi wa awali, mwenye minyiri miwili na bomba la kupulizia maji. Pingamizi lilikuja mara moja, kwa kuwa ingebidi gamba lianze baada ya minyiri, kinyume cha ushahidi mwingine wote. Mwaka 2025 ndugu zake wa kaskazini mwa Greenland walielezwa, wakiwa wamehifadhi mafundo ya neva tumboni ya aina inayopatikana kwa minyoo-mishale peke yao, wale wanyama wawindaji wembamba wanaoelea baharini hadi leo. Kwangu mimi, kesi hiyo imefungwa.

*

Je, wanafunzi wangu wanaweza kuwapata wanyama hawa katika mkoa wetu? Na gamba la nautilasi ambalo mjomba wangu aliliokota ufukweni, ni kisukuku?
Mwalimu wa sekondari, Lindi

Mwalimu, wa Ordovisia hutawapata. Wakati ule sehemu yetu ya Afrika ilikuwa nchi kavu ndani ya Gondwana, bara kubwa la kale la kusini, mbali na bahari. Miamba ya katikati ya Tanzania ni ya kale kuliko wanyama wote, na bahari ilikuja pwani yetu katika kipindi cha Jurasi, Madagaska ilipoanza kujitenga. Kwa Afrika, safari ya kuwaona wale wa kale ni ya Morocco.

Lakini vitukuu vyao mnavyo mlangoni. Tendaguru, katika mkoa wako huo huo, inajulikana duniani kwa dinosauri waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na watu husahau kwamba baina ya tabaka za dinosauri kuna tabaka za bahari zenye amonaiti na belemniti, wote sefalopodi, wa miaka milioni 150 hivi. Mombasa nako kuna amonaiti katika udongo-mwamba wa Jurasi. Amonaiti hao ni uzao wa sefalopodi wenye gamba lililonyooka: katika Devoni ya mapema, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, magamba ya baktriti, kundi mojawapo la hao wenye gamba lililonyooka, yalianza kupinda, kisha kujikunja kwa ulegevu, kisha kubana kabisa, na hatua zote hizo zimeonekana katika mawe ya Ujerumani na Morocco. Hayo yalitokea wakati samaki wenye taya walipokuwa wakiongezeka, na sidhani kwamba ni sadfa. Waambie wanafunzi wapige picha, waweke rula pembeni, waandike mahali, na waliache jiwe lilipo mpaka wahusika wa mambo ya kale wajulishwe.

Gamba la mjomba si kisukuku. Nautilasi haishi pwani yetu. Makao yake ni bahari za Asia ya kusini-mashariki na magharibi mwa Pasifiki. Akifa, mwili hutoka, na gamba, likiwa na gesi yake, huelea na kuchukuliwa na mikondo hadi Afrika Mashariki. Nakuomba ulitumie darasani kwa sababu linafundisha tahadhari ambayo wataalamu wa visukuku huihitaji kila siku: gamba la sefalopodi linaweza kuzikwa maelfu ya kilomita kutoka mahali mwenyewe alipoishi.

*

Mimi ni mvuvi, na nimechoma pweza kwa miaka arobaini. Kama wazee wake walikuwa na gamba, pweza alilipeleka wapi?
Mzee wa Kojani, Pemba

Shikamoo, mzee wangu. Jibu lako umelishika mkononi mara nyingi, ila kwa vipande. Ukoo wa dome, ngisi na pweza ulianza kwa kulifunika gamba kwa nyama, likawa ndani ya mwili badala ya mwili kuwa ndani yake. Dome bado analo: ule mfupa mweupe unaookotwa ufukweni ni gamba lenye vyumba vyembamba kama karatasi, na ukiukata kwa wembe mpya upande wa tumbo utaviona vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikishikiliwa na nguzo ndogo ndogo. Anautoa maji kwa njia ile ile ya chumvi, na ndiyo maana huelea ukiutupa majini. Ngisi alipoteza vyumba vyote akabaki na lile jani jembamba linaloonekana kama plastiki, ambalo wapishi hulichomoa kabla ya kumkata.

Pweza aliamua kuishi mapangoni, na mwenye kuingia katika tundu la ukubwa wa jicho lake haoni faida ya gamba. Hata hivyo hakulimaliza lote. Siku utakapokuwa unamsafisha pweza mkubwa, baada ya kumgeuza kichwa na kutoa matumbo, pitisha vidole polepole katika nyama ya ndani, kila upande, mahali misuli minene inaposhikana karibu na matamvua. Pweza wengi wana humo vijiti viwili, vyembamba, laini, karibu kung'aa kama kioo, kimoja kushoto na kimoja kulia. Hayo ndiyo mabaki ya gamba. Wataalamu hukata kijiti hicho kwa upana na kuhesabu pete zake chini ya hadubini, moja kwa kila siku aliyoishi, na kwa pweza wengi hesabu hiyo haipiti sana mwaka mmoja.